Shimo la Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Wamefika. Mabegi saba, masanduku mawili ya mbao yaliyojaa vyuma, na mtoto mmoja aliyelala begani mwa baba yake. Mama watoto alilia, akacheka, akalia tena. Mimi nilinyanyua begi moja, nikasingizia mgongo, nikakaa kuwatazama.

Jumanne, 4 Machi

Niweke kumbukumbu sawa. Binti yetu kitindamimba aliondoka hapa kwenda kusoma nchi ya baridi, akaolewa hukohuko, na kwa zaidi ya miaka kumi tumekuwa tukimwona kwenye kioo cha simu, kichwa bila miguu. Mumewe ni seremala. Wazazi wake ni watu wa huku, lakini yeye alichukuliwa akiwa hajaota hata meno, kwa hiyo Kiswahili anakijua vizuri ila ardhi yetu haijui hata kidogo. Mama yake alimfunza adabu za ukweni za enzi zile, naye amezitunza kama nguo ya harusi sandukuni. Hakai kwenye kiti nilichotoka kukikalia. Akinikuta mlangoni anasimama pembeni mpaka nipite. Nikimwambia jambo anajibu, "Ndiyo, Mzee," huku anatazama vidole vya miguu yangu, hata mama watoto amenishauri nikate kucha.

Mjukuu ana miaka saba. Tumempachika jina la Kiulizo. Ukikaa naye kwa muda wa kikombe kimoja cha chai utajua sababu.

Sasa jambo lenyewe. Wamekuja kujaribu. Tumewapa kiwanja kilicho upande wa jiko letu wajenge nyumba na karakana, waanze na karakana ili mkwe apate kufanya kazi. Bosi wake wa kule amemwekea nafasi mpaka mwisho wa Mei. Karakana ikisimama kabla ya hapo, watabaki. Isiposimama watarudi, na sisi tutarudi kwenye kioo cha simu. Binti alinieleza haya akiwa anamenya viazi, bila kuinua macho, ndipo nikajua yanavyomuuma.

Jumamosi, 8 Machi

Mkwe ametuonyesha mchoro. Kwa kweli ni mchoro mzuri, mistari imenyooka, vipimo vimeandikwa kwa mwandiko ambao ningempa alama zote. Juu kuna vyumba viwili na sebule. Chini ya sebule kuna mstatili mwingine.

"Na hiki?" nikauliza.

"Chumba cha chini ya ardhi, Mzee. Karakana itakaa humo. Tutaanza nacho."

Mama watoto akamgeukia fundi mwashi, ambaye ametujengea karibu kila kitu kilichosimama hapa. "Fundi, umeshawahi kujenga kitu kama hiki?"

"Mama, mimi nikiambiwa panda, napanda. Nikiambiwa chimba, nachimba."

Mkwe alikuwa amekwisha kuchimba kishimo cha majaribio, kina cha kimo chake. Akatupeleka kukitazama. Pakavu kama unga. "Hakuna hata tone, Mzee," akasema kwa furaha ya adabu.

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Najua kwamba kishimo kinachochimbwa mwishoni mwa kiangazi kinakueleza habari za kiangazi tu. Nilifungua kinywa, nikasema, "Vizuri."

Mama watoto alinitazama kama aliyesikia paka akibweka.

Angekuwa mwanangu wa kumzaa ningemwambia palepale, "Acha utoto, kunja karatasi yako." Lakini mkwe ni mtu wa kubebwa kama yai. Neno langu likimwangukia vibaya hatanijibu. Atafunga mabegi kwa adabu ileile.

Jumapili, 9 Machi

Kiulizo kanipata barazani.

"Babu, mbona nyumba za huku hazina chini?"

"Zina chini. Ndipo tulipokanyaga."

"Chini ya chini, Babu!"

Swali zuri linastahili jibu refu. Nikamwambia hivi. Kule mlikotoka, wakati wa baridi kali maji yaliyomo ardhini huganda. Maji yakiganda hutanuka. "Umeshaona chupa ya maji iliyosahaulika kwenye friza?" Akasema ndiyo, ilipasuka, na mama alifoka. Basi, ardhi nayo hutanuka namna hiyo, ikainuka, na ikiinuka hainui nyumba nzima kwa usawa. Inainua kona hii, inaacha ile, kuta zikapasuka. Kwa hiyo wajenzi wa kule hulazimika kushusha msingi mpaka chini kabisa, mahali baridi isipofika. Pengine kifuani kwa mtu mzima, pengine zaidi. Wakishachimba kiasi hicho wanajiuliza: kwa nini turudishe udongo? Tuongeze kidogo, tupate chumba. Wakaweka humo mtambo wa kupasha nyumba moto, makaa, viazi, na vitu vya kusahau.

"Sisi tuliweka baiskeli."

"Na baiskeli. Kwa hiyo chumba kile kilizaliwa na baridi. Huku kwetu ardhi haijawahi kuganda tangu iumbwe. Nyumba ya kawaida ikisimama kwenye udongo mgumu, msingi wa kufika magotini au zaidi kidogo unatosha. Ukienda chini zaidi unajitafutia taabu. Na taabu zenyewe hutofautiana. Kuna mahali ukichimba kidogo tu unakutana na mwamba. Kuna mahali pana udongo wa mfinyanzi, ukilowa unavimba na kusukuma kuta, ukikauka unasinyaa na kuziachia."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu tuna maji."

Nikaleta bakuli, nikalijaza mchanga, nikamwagia maji polepole mpaka mchanga wa juu ukabaki mkavu ila wa chini umelowa. Nikamwambia achimbe kwa kidole. Mwanzo pakavu, kisha pakalowa, kisha maji yakajikusanya yenyewe ndani ya tundu. Nikaongeza maji, kama mvua. Maji ya kwenye tundu yakapanda.

"Nani ameyatia humo?"

"Hakuna. Yalikuwepo. Yalikuwa yanasubiri nafasi."

Sasa nikiri ujanja wangu. Mkwe alikuwa nyuma ya kona ya nyumba, ananoa vyuma vya randa, na somo zima nililisema kwa sauti kubwa kuliko mahitaji ya mtoto aliyekaa mapajani. Katikati ya somo nikasikia ananyanyuka. Nikafurahi nikidhani anakuja. Akaenda zake.

Jioni binti akaniambia, "Baba, alisema ulikuwa na mazungumzo na mjukuu wako, akaona si adabu kusimama pale kusikiliza."

Jumatano, 12 Machi

Uchimbaji umeanza. Wanaume wanne na sururu. Jirani yetu, dereva wa lori mstaafu, ameegemea ukuta tangu asubuhi. "Mwalimu, kama vita imetangazwa mtuambie na sisi tuchimbe handaki letu."

Jumamosi, 15 Machi

Shimo limefika viunoni mwa wachimbaji. Leo jirani ameuliza kama tumeshaipata dhahabu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemtuma binti. Nilimwambia hivi: "Mweleze mwenzio kwamba mvua zikianza maji ya ardhini hupanda, na shimo lipo karibu mno na jiko." Jibu limerudi: mkwe anashukuru sana kwa mawaidha na ataweka mfereji.

Nikamuuliza binti alimwambiaje hasa. "Nilisema Baba anasema kazi ni nzuri, ila mvua zikija uwe mwangalifu."

Mama watoto alicheka mpaka akashika mlango. "Mwalimu, ukiendelea kumeza maneno hivyo utavimbiwa."

"Kamwambie wewe."

"Mimi? Mkwe wangu? Hata chumvi naogopa kumwomba."

Alhamisi, 20 Machi

Mlango wa chumba chetu, ambao nimeusukuma kwa bega miaka mingi, leo umefunguka kwa kidole. Mkwe aliuvua, akauchonga, akaurudisha wakati tumeenda kliniki. Hakusema kitu. Nami niliufungua na kuufunga mara kadhaa, kwa raha tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Kipimamvua changu kimesoma milimita kumi na nane. Tulisimama barazani wote, Kiulizo akakimbia uani kulowa, na mama yake akamfuata badala ya kumkataza. Harufu ya udongo uliokuwa na kiu haijawahi kunichosha. Nilishukuru, kisha nikageuka kutazama shimo.

Alhamisi, 27 Machi

Unyevu chini ya shimo. Fundi mwashi kasema, "Ni jasho la ardhi tu, litakauka." Ardhi kutoka jasho! Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi wavivu wengi lakini hilo sijapata kuliona.

Jumatano, 2 Aprili

Maji yamefika vifundoni. Mkwe amekodi pampu. Inanguruma, maji yanatoka, inazimwa, maji yanarudi. Jirani anasema ni sawa na kukausha ziwa kwa kijiko.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Maji yamefika magotini. Tumekula mapema, tumelala mapema.

Alhamisi, 10 Aprili

Niandike haki ya mtu. Mwezi uliopita nilimwona mkwe kama kijana mkaidi aliyekuja na mchoro wa kigeni. Sasa nimekaa naye kwa karibu katika mvua mbili tatu. Anaamka kabla yetu, anashuka na ndoo. Wachimbaji wakitegea hawafokei. Anachukua sururu na kuendelea, nao wanaona aibu. Jana alimnyoa fundi mwashi ndevu kwa utani, wakiwa wamejikinga chini ya turubai, akampaka povu mpaka machoni. Anajua kucheka, kumbe. Nikipita tu, kicheko kinaingia ndani kama kichwa cha kobe.

Nilimwuliza binti, "Anang'ang'ania nini huko chini? Karakana si inaweza kukaa juu?"

"Baba, hata mimi nimemwuliza. Anasema tu kwamba karakana lazima iwe chini. Kule alifanya kazi chini."

Jumapili, 13 Aprili

Jua nusu siku. Tukaanika kila kitu, hata mimi.

Jumamosi, 19 Aprili

Acha niandike yote, kwa mpangilio.

Mvua ilianza jana alasiri na haikupumua usiku kucha. Asubuhi mama watoto aliingia jikoni kuchemsha maji. Mimi nilikuwa mezani sebuleni. Nikasikia mlio mkavu, kama ubao unaovunjwa gotini. Nikaenda. Ukuta wa jiko upande wa shimo ulikuwa umechanika kutoka kona ya dirisha mpaka sakafuni, na ufa ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza kidole.

Nieleze kwa nini, maana jambo lenyewe lina mantiki. Msingi haukandamizi kwenda chini peke yake. Mzigo wake husambaa mpaka pembeni, na udongo wa pembeni ndio unaoushikilia usiteleze. Ukiondoa udongo ule, umeiondolea nyumba bega la kuegemea. Mradi ni kiangazi udongo mkavu hujishikilia wenyewe. Ukilowa, huporomoka. Na ubavu wa shimo ulioelekea jiko letu ulikuwa umeporomoka alfajiri, bila kuaga.

Nikamwita mama watoto atoke. Akasema, "Ngoja niepue sufuria." Nikapaza sauti. Akasema, "Mwalimu, maji yamekaribia kuchemka!"

Ndipo mkwe akaja. Alitokea mlango wa uani, matope mpaka kifuani. Yule ambaye tangu afike hajawahi kumtazama mama mkwe wake usoni, ambaye hupokea sahani kwa mikono miwili na macho yake yakiwa sakafuni, alimkumbatia kiunoni, akamtupa begani kama ubao wa mninga, akatoka naye mbio hadi barabarani. Mama watoto alikuwa bado ameshika kifuniko cha sufuria.

Kona ya jiko ikaanguka nyuma yao. Ilianguka polepole, kama mtu anayekaa baada ya kuchoka. Kisha paa likainama, na vumbi, hata kwenye mvua vumbi lilitoka.

Majirani walijaa. Mama watoto aliwekwa chini, akajipangusa, akatazama umati, akasema, "Nimebebwa na mkwe hadharani, na kitambaa cha kichwa sina. Sasa nitaonekana wapi tena?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, huku nimeshika mkono wake, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umekataa kumwachia.

Mkwe hakucheka. Alisimama na mikono imening'inia, akatazama pale palipokuwa na jiko. Nilitaka kumwendea nimshukuru. Niliposogea, alipiga magoti kwenye matope mbele ya watu wote, akasema, "Mzee, naomba radhi," na kabla sijamfikia akanyanyuka akaondoka.

Ameniachia mke wangu akiwa mzima. Sijui ni lugha gani ningepaswa kuitumia kumshukuru kwa hilo, na bado yeye ndiye aliyeomba radhi.

Jumapili, 20 Aprili

Mkwe hakuja mezani. Tunapika barazani kwa jiko la mkaa. Mke wangu amepika maharage na kumpelekea sahani chumbani kwao, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sahani imerudi kama ilivyokwenda.

Jumanne, 22 Aprili

Binti alikuja nikiwa nasoma kipimamvua.

"Baba, jana amempigia bosi wake. Anataka turudi kabla ya tarehe."

"Kwa sababu ya jiko?"

"Anasema amekuja kwenu mkampa ardhi, naye amewabomolea nyumba. Anasema hawezi kukaa mbele ya macho yenu. Nimeongea mpaka nimechoka." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi sitaki kurudi, Baba. Kiulizo ameshapata marafiki. Lakini siwezi kumlazimisha mtu aishi na aibu."

Nimepita mbele ya chumba chao. Mabegi yameshushwa kutoka juu ya kabati.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimeshuka shimoni.

Mvua ilikuwa imeachia manyunyu. Nilimwona mkwe ndani ya shimo, anavua mbao zilizokuwa zikielea, mbao zake nzuri alizonunua kwa ajili ya sakafu, anazisimamisha moja moja ukutani. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaweka mguu kwenye ngazi.

"Mzee, ngazi inateleza!"

"Naona."

"Mzee, rudi, tafadhali. Nitapanda mimi."

"Ukipanda utasimama pembeni na kutazama miguu yangu. Humu miguu yangu haionekani. Nishike mkono."

Juu, mama watoto alikuwa ametokeza kichwa. "Baba yenu amerukwa na akili! Mwalimu! Nani atakutoa humo?"

Nilifika chini. Maji yalikuwa magotini, baridi, na rangi ya chai ya maziwa. Nikasema, "Mwanangu, nimekuja kukukosoa. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Akainua uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona macho vizuri. Nikamweleza yote, kama darasani: habari za ardhi inayoganda na isiyoganda, kishimo cha kiangazi, maji yanayopanda, bega la msingi. Nilimweleza pia kwamba hata kama angefaulu kujenga kuta na sakafu ya zege, mvua nyingine zingekuja, na chumba kitupu kilichozamishwa ndani ya ardhi yenye maji hutaka kuelea, kama bakuli kwenye beseni. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akauliza, kwa sauti ndogo:

"Mzee, ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya mchoro."

"Na hukusema?"

"Nilimwambia mjukuu kwa sauti kubwa. Wewe ukaondoka."

"Niliona si adabu kusikiliza."

"Na mimi niliona si adabu kukwambia. Basi tuko wawili. Wewe umechimba kwa sururu, mimi nimechimba kwa kunyamaza, na jiko limeanguka kwa kazi yetu sote. Usijibebeshe peke yako. Sasa niambie na wewe. Karakana ilitaka kukaa chini kwa nini? Nani alikulazimisha?"

Akatazama maji. "Kelele, Mzee."

"Kelele gani?"

"Msumeno wa umeme. Mashine ya randa. Kule, kabla ya kuajiriwa, nilipangishwa chumba cha chini na wazee wawili, nilifanya kazi kutwa nzima na wao juu hawakusikia kitu. Mama yangu aliniambia, ukikaa ukweni wazee wasikusikie. Nikaona, siwezi kuwapigia kelele ninyi mkiwa mmepumzika. Sikutaka kumwambia mke wangu, angesema usijali, hawatajali. Nikasema nitashuka chini."

Nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka maji yakapiga kuta za shimo. Alinitazama kwa hofu, kisha midomo yake ikaanza kucheza, kisha kikatoka kile kicheko nilichokuwa nakisikia chini ya turubai, na mara hii hakikurudi ndani.

Nilipopata pumzi nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia hata binti. Kwamba tangu watoto waondoke, sisi wawili huwasha redio kwenye chumba ambacho hamna mtu, tukakaa chumba kingine, ili nyumba iwe na sauti. Kwamba mama watoto hufungua bomba akaliacha lidondoshe maji kwenye ndoo. "Miaka kumi na zaidi tumelala kwa utulivu, mwanangu. Tumeuchoka. Ukituletea kelele utakuwa umetuletea dawa."

Alishika ngazi kwa mikono miwili ili isiteleze, akanisubiri nipande. Nilipofika katikati nikasikia, "Asante, Baba." Hakusema Mzee. Sikugeuka, kwa sababu ya ngazi.

Juu, mama watoto alikuwa ameshika kiuno. "Mkimaliza kucheka mniambie nani ananipikia leo, maana mimi jiko sina."

Mkwe alipika. Chumvi ilizidi. Tulikula yote.

Alhamisi, 24 Aprili

Mabegi bado yako chini. Sijauliza.

Jumamosi, 26 Aprili

Jirani amewasha lori lake ambalo tulidhani limekufa. Ameleta kifusi na mawe, safari baada ya safari, na kila safari utani mpya. "Handaki limeghairiwa, Mwalimu? Mmefanya mapatano na adui?" Tunajaza shimo kwa tabaka, tunashindilia kila tabaka kabla ya kuongeza jingine, maana udongo uliomwagwa ovyo hubonyea baadaye. Mkwe anasimamia. Leo aliniuliza mbele ya watu, "Baba, hapa umeonaje?" Nikasema pamelegea, nikaeleza kwa nini. Fundi mwashi akasema, "Mwalimu, kumbe unajua kusema!"

Alhamisi, 1 Mei

Mchoro mpya. Karakana itakuwa juu ya ardhi, upande wa mbali wa kiwanja, kwenye udongo ambao haukuguswa, msingi wa magotini. Jiko letu linajengwa upya, ila mama watoto amejua kuitumia nafasi: ametaka dirisha kubwa, rafu za kimo chake badala ya kimo cha mjenzi, na mlango wa pili unaotazama karakana. Sasa anamwagiza mkwe kama aliyemnyonyesha. "Hapana, baba, hiyo rafu ishushe. Ishushe tena. Wewe umenibeba, unajua kimo changu."

Jumanne, 6 Mei

Mvua ndogo. Msingi umekamilika.

Jumatatu, 12 Mei

Kuta zimefika madirishani. Kiulizo amemwambia mwalimu wake darasani kwamba nyumba za kule zina chini kwa sababu ardhi inapasuka kama chupa. Mwalimu amemwomba aeleze tena mbele ya wote. Nimefurahi kupita kiasi, mama watoto kaniambia nipunguze.

Jumapili, 18 Mei

Tumetazama tu mvua ikipungua. Siku njema.

Ijumaa, 23 Mei

Mabati yamepigwa. Karakana ina paa lakini haina milango, jambo ambalo jirani anasema ni fedheha kwa seremala.

Jumatano, 28 Mei

Chakula cha jioni. Mkwe aliweka kijiko chini, akasema bila kuulizwa, "Leo nimempigia bosi. Nimemwambia nafasi ile ampe mtu mwingine." Akaendelea kula. Binti alitoka nje, nikamsikia anapenga kamasi uani. Mama watoto akamwongezea mkwe wali mpaka sahani ikakosa pa kushikwa.

Nilikwenda chumbani kwao kuchukua kitabu nilichomwazima Kiulizo. Mabegi yamerudi juu ya kabati. Moja limewekewa wanasesere.

Jumamosi, 31 Mei

Umeme umeunganishwa karakana. Asubuhi mkwe alipasua ubao wa kwanza. Sauti ilinipenya mpaka kwenye meno.

Baada ya chakula cha mchana nikajilaza. Mashine ikazimwa. Nikasikia miguu ya mama watoto ikitoka jikoni kwa mlango wake mpya kumwendea mkwe.

"Baba, mbona umezima?"

"Mama, ni saa yenu ya kupumzika."

"Nani kakwambia tunapumzika?"

"Baba amejilaza."

"Amejilaza kwa kukosa la kufanya. Washa, mwanangu. Washa nisikie mtu yupo."

Kisha msumeno ukaunguruma, kuta zikaitikia, na vikombe kwenye rafu mpya vikaanza kugongana kama watu waliokutana baada ya miaka. Sikupata lepe la usingizi. Nimeamka, nimekaa mezani kuandika, na meza inatetemeka. Mwandiko wa leo ni mbaya kuliko wa mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha. Mungu ashukuriwe kwa kila herufi iliyopinda.